Gadolini ya aina ya mnyororo iondolewe kabisa kwenye MRI?

Mleta mada:
Wadau, gadolini ni mojawapo ya metali adimu, na wengi huipata kupitia dawa inayochomwa mshipani kabla ya kipimo cha MRI (mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili kwa ishara za maji yaliyomo) ili uvimbe uonekane vizuri. Ioni yake ina elektroni saba zisizo na wenza, hivyo ina usumaku mkali unaoongeza nguvu ya ishara ya maji yaliyo karibu nayo. Ikiwa huru ni sumu: ukubwa wake unakaribiana na wa ioni ya kalsiamu, basi huziba njia za kalsiamu kwenye seli. Ndiyo maana hufungwa ndani ya molekuli, ama ya mnyororo ulio wazi, ama ya pete inayoizunguka. Mnyororo huiachia kirahisi zaidi.

Mwaka 2006 dawa hizi zilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi na viungo kwa wagonjwa wa figo. Mwaka 2014 watafiti wa Japani wakaripoti weupe usio wa kawaida kwenye picha za ubongo wa watu waliochomwa mara nyingi. Mwaka uliofuata, tishu za marehemu zikathibitisha kuwa ni gadolini. Mwaka 2017 Ulaya ikasimamisha nyingi za aina ya mnyororo. Marekani ikaziruhusu ziendelee kutumika, ila ikaongeza onyo. Mimi niko na Ulaya. Pete ipo, ya nini kubahatisha?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeruka hatua. Mabaki ni jambo moja, madhara ni jingine. Kwa mwenye figo nzima, hakuna ugonjwa wa ubongo uliothibitishwa kutokana na mabaki hayo. Pete nayo huacha mabaki, ila kidogo. Ule ugonjwa wa ngozi ulipungua sana hospitali zilipoanza kuangalia figo kabla ya kuchoma dawa. Tena asidi ya gadoksetiki, ambayo ni ya mnyororo, huingia kwenye seli za ini na kuonyesha uvimbe mdogo ambao dawa nyingine huweza kuukosa. Hata hao Ulaya wameibakiza.

Mleta mada:
Ini sina ugomvi nalo. Nazungumzia anayepigwa picha ya kichwa mwaka baada ya mwaka kwa ugonjwa wa neva. Huyo asiambiwe asubiri madhara yathibitishwe juu ya mwili wake. Anayetaka kumchoma dawa inayoachia zaidi ndiye alete sababu.

Mchangiaji wa pili:
Nyote mmesahau choo. Dawa hutoka kwa mkojo, na mitambo ya majitaka haiiondoi yote. Tangu 1996 ilionekana kwenye mito ya Berlin kwa kiwango kinachozidi kile kitokacho kiasili kwenye miamba. Na hapo pete ndiyo king'ang'anizi zaidi, kwa sababu haivunjiki! Kukusanya mkojo wa wagonjwa kwa saa chache baada ya kipimo kungepunguza mengi, lakini hilo halina mtetezi.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo nakubali. Kwangu suala ni dozi. Gadopiklenoli, ya pete, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, hutumika kwa nusu ya dozi ya kawaida na picha haipungui ubora. Mleta mada, ungedai hiyo badala ya marufuku, ningekuunga mkono leo hii.

Mleta mada:
Nadai vyote viwili.