Nitapataje mifano ya chuma ya magari ya kijeshi kwa bei nzuri nikiwa Mbeya?

Mkazi wa Soweto, Mbeya

Salaam ndugu zangu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikikusanya mifano midogo ya chuma ya vifaru, malori ya jeshi na ndege za kivita. Ninachokitafuta zaidi ni T-55, kifaru cha Kisovieti kilichotumika katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, kwa sababu marehemu baba alikuwa dereva wa lori katika vita vile, na kila aliposimulia alipanga viberiti na vizibo vya soda mezani ili tuone vifaru vilivyokwama matopeni. Muuzaji mmoja wa ng'ambo anayo T-55 ya kipimo cha 1:72, yaani ndogo mara 72 kuliko kifaru halisi, kwa fedha inayolingana na shilingi 70,000, na nauli ya posta ni shilingi 55,000. Wakati huohuo, pale sokoni Mwanjelwa, katika fungu la midoli ya mtumba, nimeona Centurion, kifaru cha Kiingereza, ya chapa ya midoli ya Dinky, inayouzwa shilingi 25,000. Haina boksi, na mkanda mmoja wa mpira unaozunguka magurudumu haupo, lakini rangi yake inang'aa. Naomba mnishauri ipi kati ya hizo ni bei nzuri kweli.

Mkusanyaji wa Gangilonga, Iringa

Ndugu yangu, bei ya muuzaji ni mwanzo tu wa hesabu. Mzigo wangu wa mwisho nilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 juu ya bei na nauli kwa pamoja, kisha VAT ya asilimia 18 ikakokotolewa baada ya ushuru huo kuongezwa. Ukifuata hesabu hiyo, 70,000 na 55,000 ni 125,000. Ushuru ni 31,250. VAT ni 28,125. Nawe utakuwa umelipa shilingi 184,375 kabla ya tozo nyingine ndogo na kabla ya nauli ya kwenda kuchukua mzigo. Mimi husubiri hadi muuzaji mmoja awe na mifano mitatu au minne ninayoitaka, halafu naomba aifunge katika boksi moja, kwa maana nauli ya vinne haifikii mara nne ya nauli ya kimoja.

Zingatia pia kipimo. T-55 halisi, ukiupima mwili wake bila mtutu, ina urefu wa mita sita na ushee, kwa hiyo kwa 1:72 unapata sentimita tisa hivi, lakini kwa 1:32 unapata takriban sentimita 20 za chuma kizito, na posta hupima uzito. Mwisho, mwombe akufungie vizuri. Niliwahi kupokea kifaru ambacho mtutu wake ulikuwa umevunjika kwenye shina kwa sababu muuzaji alikiviringisha kwa ukurasa mmoja wa gazeti, na fedha yangu hakuirudisha.

Mama Midoli, Makambako

Mwanangu, mimi nafungua mabelo ya midoli kwa miaka mingi, na naona unaidharau Mwanjelwa mapema mno. Huko fungu la vigari vya chuma huuzwa kama vya watoto, na mwenye macho hupata kitu cha thamani. Geuza kila kimoja na usome tumbo lake: Dinky zilitengenezwa na kampuni ya Meccano kule Liverpool, ambayo kiwanda chake kilifungwa mwaka 1979, Corgi, chapa nyingine, zilitoka Swansea kule Wales, na Solido ni za Ufaransa. Mkanda wa mpira usikutie hofu, kwa kuwa mipya ya kubadilishia inauzwa.

Kitu cha kuogopa ni nyufa. Vigari hivi ni vya aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, na katika vingi vya kabla ya Vita Kuu ya Pili aloi hiyo ilichanganyika na madini ya risasi kiwandani, hivyo huvimba, hupasuka kama udongo mkavu, kisha humeguka mkononi, wala hakuna dawa. Centurion ya Dinky ilianza kuuzwa mwaka 1954, kwa hiyo sitarajii ugonjwa huo kwako.

Nina shaka na huo mng'ao. Magari ya jeshi ya Dinky yalipakwa kijani kisichong'aa sana. Tazama ribiti za chini, yaani vipini vya chuma vinavyoshikilia sehemu pamoja: zikiwa zimetobolewa na kuwekwa skrubu, kilifunguliwa kikapakwa upya, na wakusanyaji hupenda rangi ya asili iliyochubuka kuliko rangi mpya.

Mkazi wa Soweto, Mbeya

Shikamoo mama, na asante sana kaka wa Gangilonga. Leo asubuhi nimerudi Mwanjelwa nikakigeuza kifaru kile kwenye mwanga wa mlangoni. Ribiti ya mbele ni nzima, ila ya nyuma ina skrubu ndogo ya njano, na pembeni mwa gurudumu la tatu, mahali brashi haikufika, kijani cha zamani kinaonekana, kimefifia kabisa. Nilimwonyesha mwenye mali bila kumkemea, tukapatana shilingi 9,000, nami nimekichukua nikijua ninachokinunua. T-55 nimemwandikia muuzaji aniwekee hadi mwisho wa mwezi, na nimemuuliza kama ana malori mawili ya kipimo hichohicho ya kufungwa pamoja nayo.