Re: Kwenda Dar na redio ya ridhaa, nikipitia Ujerumani

> Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Nina leseni ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, daraja la General (la kati). Disemba naenda Dar, njiani nitakaa kwa dada Ujerumani. Leseni hii inanitosha kurusha kote huko?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikuulize: umeshapata uraia wa Marekani? Hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

Nchi nyingi za Ulaya zinafuata makubaliano ya CEPT (umoja wa mamlaka za posta na mawasiliano za Ulaya), yaitwayo T/R 61-01. Mgeni mwenye leseni ya juu anarusha hadi miezi mitatu bila kuomba kibali. Marekani imo, lakini FCC imeruhusu raia wake tu. Ukiwa na green kadi na pasipoti ya Tanzania, hata uwe na Extra, daraja la juu kabisa, haikuhusu. Waandikie mapema Bundesnetzagentur, mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani, uwaulize kuhusu kibali cha mgeni.

Kama ni raia, General inakupa ngazi ya chini ya CEPT, na kolsaini yako (herufi na namba za kukutambulisha hewani) Ujerumani itatanguliwa na DO/. Wenye Extra ndio wanaotumia DL/. Tembea na leseni, pasipoti na nakala ya tangazo la FCC namba DA 16-1048.

Dar ni habari nyingine kabisa. Tanzania haimo CEPT, kwa hiyo kibali ni cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na uombe kabla hujapanda ndege. Tafadhali usisafiri kwa kutumaini kwamba utaelewana nao uwanjani. Redio ya mkononi, machoni pa afisa wa forodha, ni redio kol ya askari. Bila karatasi utamweleza nini?

Halafu masafa. Huku Marekani tuko Kanda ya 2 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), nyumbani ni Kanda ya 1. Bendi ya mita 2 huku inafika 148 MHz, kule inaishia 146. Bendi ya mita 40 huku ni hadi 7.3 MHz, kule 7.2. Redio iliyonunuliwa huku haitakuzuia kuvuka mpaka huo, na juu yake kuna watumiaji wengine wenye haki zao.

> Asante sana kaka. Uraia bado. Basi Ujerumani redio itabaki kwenye begi, naanza na TCRA. Niandae nini?

Nakala za leseni na pasipoti, aina ya redio na siriali namba yake, nguvu kwa wati, tarehe za safari, na mahali utakaposimika antena. Anza wiki hii, Disemba ofisi nyingi zinapwaya.