Dokta Remmy Ongala: waliomfahamu watusimulie

Swali: Wanajamvi, makondakta wa daladala bado wanaita "Sinza kwa Remmy", ila vijana wengi wanaoshuka pale hawamjui mwenye jina hilo, aliyefariki Desemba 2010. Waliopiga naye muziki au kumwona jukwaani wanamkumbuka kwa lipi?

Jibu la 1: Sisi wapiga gitaa wa enzi hizo tulimheshimu kwa subira yake: mzaliwa huyu wa Kindu, Kongo, aliyekuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy kabla ya kuongoza Super Matimila, aliacha magitaa yapokezane kwa muda mrefu huku akizungumza na wacheza dansi juu ya umaskini na kifo, na hakuna aliyeondoka ukumbini.

Jibu la 2: Mimi ni shabiki tu. "Mambo kwa Soksi", wimbo wa kuhimiza kondomu, haukupigwa redioni, lakini kaseti zilizunguka mtaani, nasi watoto tukauimba mbele ya wazazi bila kuelewa kwa nini wanatukaripia.

Jibu la 3: Ndugu zangu, msisahau kwamba baadaye aliokoka, akaimba injili. Wapo waliosikitika, binafsi niliisikia sauti ile ile ya mtetezi wa wanyonge.