Naomba ushauri: uraia wa watu mashuhuri wa Chittagong

Ndugu wanachama, salaam. Ninaandaa orodha ya Kiswahili ya watu mashuhuri wa Chittagong, mji wa bandari nchini Bangladesh, pamoja na vijiji vyake, nami nimekwama. Muhammad Yunus, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006, hana utata. Ugumu uko kwa Surya Sen, mwalimu aliyeongoza uvamizi wa maghala ya silaha ya Waingereza tarehe 18 Aprili 1930 akanyongwa mwaka 1934, na kwa mfuasi wake Pritilata Waddedar, binti wa miaka 21 aliyemeza sumu mwaka 1932 ili asikamatwe, kifo ambacho kila nikikiandika kalamu huwa nzito.

Nilipowaita Wahindi, maelezo yalipingana na ramani. Nilipowaita Wabangladeshi, nikawapa nchi iliyozaliwa mwaka 1971. Sasa nimeandika “Mbengali wa Uhindi chini ya Uingereza”, lakini naona ni refu mno kurudiwa kila mstari.

Je, “Mbengali” pekee linamtosha msomaji wetu? Na je, nitumie Chittagong, jina lililozoeleka, au Chattogram, lililo rasmi tangu mwaka 2018?