Muchana banatufundisha kuacha telefone, 22h shefu anaandika mu grupu "MUKO WAPI?"

Ba ndugu, ba yaya, ba mama, leo nimekasirika na sitaficha. Ku kazi kwetu (kampuni ya kamiyo hapa Lubumbashi, jina sitaje) balitukusanya batu bote ba biro mu sale kubwa, bakaleta mutu wa kutufundisha namna ya kuacha utumwa wa telefone. Yule mutu alisema muzuri, sikatae. Alituonyesha namna ya kuzima notifikasyo, akasema tusilale na telefone chini ya muto, tusiangalie ekra wakati tunakula na batoto. Shefu alikaa mbele, anaitika na kichwa, anaandika mu kaye yake. Usiku wa siku ile ile, 22h imepita, telefone inalia: shefu mu grupu ya WhatsApp ya kazi, "Nani iko na bordero ya kamiyo ya Kasumbalesa? Mujibu SASA." Bordero njo karatasi ya muzigo, na Kasumbalesa njo mupaka na Zambia. Kamiyo yenyewe ilikuwa mu depo imelala, ilikuwa ya kutoka kesho yake asubuhi. Hakuna aksida, hakuna mutu wa duane (forodha) aliyeikamata, shofere alikuwa kwake na muke yake. Alitaka tu kujua.

Sasa muniambie, nani njo mugonjwa wa telefone pale? Mi nasema wazi: batu bengi ba hii muji hawashiki telefone usiku juu banapenda, banaishika juu banaogopa. Unaogopa kesho utaitwa mu biro ya shefu, anafungua meseji yake, anakuonyesha zile alama mbili za bulu na kusema "ulisoma 22h15, juu ya nini haukujibu?" Na batu banasemaka eti zima zile alama mu paramètre. Ndiyo, zinazimika, lakini mu grupu hazizimike, hata ukizima kwako, mu grupu shefu ataona paka jina yako kwa bale basomaji. Nilijaribu. Njo maana shefu anapenda grupu kuliko meseji ya mutu mumoja.

Tena kuna ile mambo ya saa, na hii inaniuma sana. Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Bakubwa ba direksyo bako kule, bakimaliza réunion yabo 19h, kwetu iko 20h, watoto bamesha kula, na beye banaona ni "jioni tu bado". Halafu shefu wa hapa, ili aonekane mutu wa kazi, anaitupa ile mambo kwetu 21h, 22h. Siku ya Mungu pia, tukiwa mu kanisa, telefone inatetemeka mu mufuko, na baba mumoja wa biro yetu anatoka inje ya kanisa katikati ya mahubiri kutafuta risau ili atume foto ya fakitire. Baba muzima, ana bajukuu!

Na sheria iko, ba ndugu. Kode ya kazi ya Kongo, ile ya 16 Oktoba 2002, inasema mwisho ni saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Ukipita pale inaitwa saa ya ziada na inalipwa. Sasa ile saa ninatafuta bordero 22h, nikiwasha na ordinatere, nikipigia shofere anayelala, ile ni nini kama haiko kazi? Nani aliilipa? Ufaransa baliandika mu sheria, tangu 1 Januari 2017, kampuni iko na batu 50 na kupita inapaswa kuzungumza na bafanyakazi juu ya haki ya kuzima telefone ya kazi nyuma ya saa. Ubelgiji nayo ikafuata, bafanyakazi ba serikali mu 2022, kisha kampuni za batu 20 na kupita. Sisi kode yetu ni ya wakati telefone ilikuwa ya kupiga na kupokea, na bakubwa banajificha mule.

Sikatae kwamba telefone yenyewe inatengenezwa ili isikuachilie. Ile ya kutelezesha na kidole bila kufika chini, mu 2006 muhandisi mumoja Aza Raskin njo aliibuni, na yeye mwenyewe amesema mbele ya batu kwamba anaijutia. Ukurasa hauna mwisho, basi hakuna fasi ya akili kusema "imetosha". Na ile ya kuvuta chini ili uone kama kuna mupya, mara kuna, mara hakuna, na ile ya kutojua njo inakufunga, kama mutu anayecheza kamari. Sasa batu bamejenga mitambo ya namna ile na feza nyingi na akili nyingi, halafu mutu wa mafunzo ananiambia "uwe na nguvu ya moyo". Nguvu ya moyo gani, baba? Mi niko nashindana na biro nzima ya bahandisi na shefu juu yake.

Na kazi yenyewe inaharibika, hii bakubwa habataki kusikia. Mimi natengenezaka dosie za duane, namba nyingi, uzito wa muzigo, namba ya plake, ukikosea moja kamiyo inalala ku mupaka na kampuni inalipa. Niko katikati ya kujumlisha, tuti, meseji: "Bonjour à tous" na foto ya mauwa. Tuti, batu kumi na tano banajibu bonjour. Mwalimu mumoja wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, Gloria Mark, alichunguza batu ku kazi na akakuta mutu aliyekatwa anatumia kama dakika 23 kabla hajarudia kazi aliyokuwa anafanya. Basi hesabu mwenyewe grupu yetu ya bonjour inakula nini. Na makosa ya dosie ikitokea, nani anaandikiwa barua? Mimi, haiko ile grupu.

Ku nyumba sasa. Sikia hii. Mutoto wangu mudogo, hajafika hata primère ya pili, amesha jua muziki ya grupu ya kazi, inakuwa tofauti na zingine. Tunakula bukari na sombe, karai iko katikati, mikono iko mu chakula, telefone inalia ndani ya chumba. Yule mutoto anaamuka bila mutu kumutuma, anapangusa vidole ku kaptula, anaenda anaileta na mikono mbili kama mutu anabeba kintu ya kanisa, ananiambia: "Papa, shefu." Hakulia, hakulalamika, aliona ni kawaida ya maisha. Muke yangu aliangalia chini. Mi nilikosa hata kumeza.

Na usiniambie "mukataze mutoto ekra". Nakataza! Shirika la Afya Duniani, mu Aprili 2019, lilisema mutoto chini ya mwaka 1 asikae mbele ya ekra kabisa, na wa miaka 2 mpaka 4 isipite saa moja ku siku. Najua. Lakini masomo ya ule mukubwa inatumwa wapi? Mu grupu ya bazazi! Tangu masomo ilifungwa Machi 2020 juu ya korona, mwalimu alianza kupiga foto ya ubao na kutuma, korona ikapita, foto ikabaki. Mutoto anaomba telefone "ya devware", anaandika mistari mbili, kisha unamukuta mu video za batu banaocheza. Masomo inanipa kazi ya kulinda telefone ambayo beye benyewe banaingiza mu mikono yake. Kaye na bic zilikosa nini?

Kule nyumbani nimebadilisha, juu sikuwa na namna ya kungojea shefu aokoke. Nilinunua kale kadogo ka butoni mu soko ya Kenya (ile komine ya hapa Lubumbashi, haiko ile inchi), 19h natoa karte ya SIM mu ile kubwa naweka mule. Ile kubwa inaingia mu kabati, na hata wifi haina. Kama kweli kamiyo imeanguka, mutu atanipigia, sauti kwa sauti, na nitaamuka. Tangu nifanye vile simu za usiku ni chache sana, juu mutu anayeweza kuandika meseji bila kufikiri, anafikiri kabla ya kupiga, inite zinaisha na anaona haya kuamusha mutu juu ya bordero. Asubuhi naamushwa na saa ya mezani, ile ya kulia kengele, telefone kubwa naikuta mu kabati nyuma ya kuoga. Na ile kadogo bateri inakaa siku nyingi, hata umeme ukikatika.

Lakini ile ni yangu mumoja, na shefu amesha anza kuuliza juu ya nini "haukonekti". Kwa hiyo nyuma ya juma hii nitapeleka mambo kwa delege wa sindika (mutu anayesemea bafanyakazi), kwa karatasi, na jina zetu kama bangine ba biro batakubali kutia sahihi: nyuma ya 18h ya LUBUMBASHI meseji ya kazi ikatazwe mu grupu, ya haraka ipigwe kwa simu na iandikwe kama saa ya ziada, na mutu asiulizwe juu ya alama za bulu.

Bale ba kampuni zingine hapa muji, ba mine, ba banki, ba lopitali, mulifanyaje? Kuna fasi shefu amekubali? Na kama delege wenu alikataa kubeba hii mambo, mulimupeleka nani, inspeksyo ya kazi ao? Mutuambie hapa chini, bila jina ya kampuni, nitakuwa nasoma kesho mu muchana.