Kupanua ateri za mguu kwa puto: je, mshipa hauzibi tena?

Swali
Ndugu wanajamvi, salaam. Mama yangu ana kisukari, na kidonda cha kidole cha mguu kimekataa kupona kwa sababu ateri (mishipa inayopeleka damu) za chini ya goti zimekuwa nyembamba. Daktari anashauri zipanuliwe kwa puto kabla ya kufikiria kukata kidole. Puto hilo hufikaje huko, na mshipa ukishafunguliwa hauzibi tena?

Jibu la kwanza
Pole kwa kuuguza. Mgonjwa hupigwa ganzi kwenye kinena akiwa macho, kisha waya mwembamba hupitishwa ndani ya ateri hadi uvuke mahali palipoziba, huku daktari akiufuatilia kwenye skrini ya eksirei kwa msaada wa dawa ya rangi. Katheta, yaani mrija mwembamba, yenye puto hutelezeshwa juu ya waya huo, na puto hujazwa majimaji, si hewa. Chini ya goti puto huwa na kipenyo cha milimita 2 hadi 3 hivi; pajani huwa 5 au 6. Utando wa mafuta na kalsiamu hauondolewi, bali hupasuliwa na kusukumwa pembeni, na ukuta wa ateri hutanuka.

Wengi hudhani tiba hii ilianzia moyoni. La: daktari Charles Dotter alipanua ateri ya paja huko Portland, Marekani, mwaka 1964, kwa katheta zisizo na puto, akimtibu bibi wa miaka 82 aliyekataa kukatwa mguu. Daktari Andreas Grüntzig alitumia puto mguuni huko Zurich, Uswisi, mwaka 1974, na moyoni mwaka 1977.

Jibu la pili
Kuziba tena hutokea, na chini ya goti hutokea mara nyingi, pengine kabla ya mwaka kwisha. Hata hivyo siioni kuwa kazi bure, kwa kuwa kidonda kinachopona huhitaji damu nyingi kuliko ngozi iliyokwisha kufunga, hivyo miezi michache ya mshipa kuwa wazi yaweza kutosha kuokoa kidole. Je, figo zake zimepimwa? Dawa ya rangi huweza kuzidhuru, na kama anatumia metfomini, dawa ya kisukari, daktari lazima ajue.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Figo hazijapimwa, nitaliuliza hilo kabla ya siku ya kupanuliwa mishipa. Akirudi nyumbani tuangalie nini?

Jibu la pili
Angalieni kinena kisivimbe wala kuvuja damu. Mguu ukiwa baridi ghafla, ukapauka au ukauma kupita kiasi, mrudisheni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Aspirini na dawa ya kushusha lehemu (kolesteroli) asiziache bila ruhusa ya daktari.