Naomba ushauri: picha zangu za majonzi zinanishinda

Asalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni mchoraji hapa Mji Mkongwe, riziki yangu ni Tingatinga: twiga, majahazi, milango ya nakshi. Tangu afariki mama, mkono haukubali twiga. Usiku natandika kanvasi sakafuni, namimina nyeusi juu ya nyekundu, naburuza kwa kipande cha ubao mpaka kifua kiwe chepesi. Hakuna sura wala umbo.

Kaka yangu anataka nikasomewe. Kusomewa nimekubali, lakini picha siziachi. Jackson Pollock, mchoraji wa Marekani, naye alitandaza kanvasi chini na kumwaga rangi za kupakia nyumba, hasa kati ya 1947 na 1950. Mark Rothko, mchoraji mwengine wa huko, aliusema msiba kwa mapande makubwa ya rangi tupu.

Kwanza, rangi ya mafuta nikiimimina nene hufanya ngozi juu, chini bado mbichi, na masika haya inajikunja. Nipake tabaka jembamba jembamba, au mna njia nyengine?

La pili ndilo linaloniumiza. Mwenye duka anayeniuzia picha zangu anataka nitie ngalawa kidogo pembeni, mgeni apate kuelewa. Nikiitia, ule msiba umeshatoka ndani ya picha. Nisipoitia, watoto wale nini? Aliyepitia haya anieleze alifanyaje. Na kama kuna mahali hapa Unguja wanatundika picha za namna hii, nielekezeni, nitazipeleka mwenyewe.